Kamati ya Ujenzi Ilipokuja Kuona Nyumba ya Mama

Leo nimevuliwa nguo mbele ya kamati ya kanisa. (Nguo ya heshima. Hizi zingine bado ninazo mwilini, tulieni.)

Naandika haya nikiwa ndani ya gari langu, kando ya barabara hapa Naro Moru, vioo vimepandishwa mpaka juu. Sina uso wa kurudi ofisini Nyeri. Sina uso wa kurudi kwa mama pia. Manyunyu yanaanguka, na Mlima Kenya umejifunika mawingu gubigubi, hata wenyewe hautaki kuniona. Basi acha niwaambie mimi kabla hamjaambiwa na wengine, kwa sababu kamati ile ina kikundi cha wasapu, na kikundi kile hakilali.

Kwa wasionijua: naitwa Ndirangu, na mimi ni msanifu wa majengo. Sio injinia. Sio fundi. Sio "yule kijana wa plani." Ingawa siku hizi mtu akiniita injinia naitika tu, nimechoka kusahihisha. Nilisomea jinsi ya kujenga kwa udongo wa hapo hapo, kwa jua la hapo hapo, nyumba isiyoharibu ardhi wala kumfilisi anayeishi ndani. Nikatoka chuoni na ndoto kubwa kuliko kipaji. Mnajua ninachochora? Nyumba za kupangisha. Vyumba vimebanana, dirisha la huyu linatazama ukuta wa yule, mpangaji lazima awashe taa mchana ndio aone ugali wake. Mteja anakuja na picha kwenye simu. "Nichoree kama hii, lakini uongeze vyumba." Nikianza habari za mwanga na hewa, ananikata. "Hewa si wataipata nje?" (Kweli kabisa. Na aliniambia hivyo akinywa chai yangu.)

Kwa hivyo kazi ya Giakanja ilipojitokeza, nusura nilie. Kanisa moja huko linataka kujenga ukumbi na ofisi ya pasta. Nikachora usiku na mchana. Matofali ya udongo ulioshindiliwa kwa mashine na simenti kidogo tu. Madirisha makubwa upande wa macheo, ili jua la asubuhi liwakute watoto wa Sunday school wakiwa bado wanatetemeka. Tangi la maji ya mvua. Paa lililotoka nje kama ukingo wa kofia. Lingekuwa jengo langu la kwanza ambalo ningeweza kumwonyesha mtu bila kuangalia chini.

Na huo ungekuwa mchoro wangu wa mwisho pia, kama mambo yangeharibika. Shemeji yangu ana duka la vifaa vya ujenzi Karatina, na amekuwa akiniita nikamsaidie kaunta. Nilikuwa nimemwahidi mke wangu: kamati ikikubali, naendelea na ofisi. Ikikataa, nafunga, naenda kupimia watu misumari. Hayo ndiyo niliyoamka nayo leo. Jengo au misumari.

Shida ilikuwa ni lile neno, udongo. Kwenye mkutano wa kwanza, mwenyekiti wa kamati, Mzee Wachira, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Kijana, mimi nilizaliwa kwa nyumba ya udongo. Nilisoma na viroboto ndio nitoke huko. Sasa wewe unataka kunirudisha, tena na kanisa yote?"

Ukumbi mzima ulicheka. Nikaona mradi unaenda hivi hivi. Ndipo nikasema, "Mzee, usiniamini. Njoo uone nyumba ya mama." Nyumba hiyo niliijenga mwenyewe hapa Naro Moru kwa matofali yale yale na mpango ule ule. Msimu huu wa baridi, gathano, majirani wote wamejifunga blanketi, lakini kwa mama unakaa na shati moja bila jiko. Wakakubali kuja. Na leo ndiyo ilikuwa siku.

Nilifika mapema. Mama alikuwa amefika mapema kuliko mimi, kwenye mapambo. Kila kiti kimevishwa kitambaa. Nduma zinachemka, ngwaci, yaani viazi vitamu, zinachemka, chai inangoja. Mama huniita "baba" kwa sababu nimepewa jina la baba yake, na akiwa na wasiwasi huniita hivyo mara nyingi zaidi.

"Baba, watatosheka na nduma?"

"Watatosheka, mama."

"Baba, hiyo shati huna ingine?"

Nikazunguka nyumba nikikagua. Ninachojivunia zaidi pale ndani ni hewa. Juu ya kila ukuta wa ndani, karibu na dari, kuna safu ya matundu. Joto la sebuleni hupanda, hupita kwenye matundu, huingia bafuni, halafu hutoka kwa dohani juu ya paa. Nyumba haina unyevu, haina harufu, haina ukungu. Nilipoichora nilijipongeza peke yangu kama mwendawazimu. Nikasema, katika nyumba hii hewa haitakuwa na mpaka.

Kitu kimoja tu kilinikera. Redio. Mama ana redio ndogo kwenye rafu nje ya mlango wa bafu, na tangu ahamie humo haijawahi kuzimwa. Matangazo ya vifo, nyimbo za injili, mbolea, vifo tena. Siku zote nilidhani ni upweke. Leo nikaizima.

"Baba, hiyo redio iache."

"Mama, leo nataka wageni wasikie ukimya. Hizi kuta ni nene. Ukimya wake ni sehemu ya kazi yangu."

Mama alifungua mdomo aseme kitu. Wakati huo huo chai ikafurika jikoni, akakimbia. (Kumbukeni mahali hapa. Mimi nitapakumbuka mpaka nizeeke.)

Wageni wakafika na gari la kanisa. Walikuwa watatu, na acha niwatambulishe vizuri, maana baadaye niliwatambulisha vibaya.

Wa kwanza, Mzee Wachira mwenyewe. Mwalimu mkuu mstaafu, fimbo mkononi, koti zito linalogusa viatu, skafu, na kofia ya sufu. Wa pili, Mama Nyambura, kiongozi wa akina mama, mwanamke ambaye akiomba, mabati hutikisika na watoto huamka. Wa tatu, Pasta Muriithi, kijana mpole sana, anayekubaliana na kila aliyezungumza mwisho.

Mzee hakuingia ndani. Alianza na ukuta. Akaugonga kwa fimbo. Akaukwaruza kwa ukucha. Akaomba ufunguo wa gari, akaukwaruza kwa ufunguo.

"Hii ikinyeshewa si itakuwa uji?"

"Haiwezi, Mzee. Imeshindiliwa, na paa limetoka nje kuikinga. Angalia, mvua zote hizi na haijamomonyoka."

Akaangalia. Akagonga tena. "Mmh," akasema. Pasta naye akasema, "Mmh."

Mama Nyambura aliniuliza, "Sasa kwa hii hall, mapazia itakuwa ya rangi gani?"

Nikamwambia tutafika huko, kwanza tuanze na msingi. Tukaingia ndani, akauliza tena habari ya mapazia. Tukaona tangi la maji, akaniuliza kama mapazia ya zambarau hayatapauka. "Hiyo ni swali nzuri," akasema Pasta.

Tukaketi. Mama Nyambura akaombea chai. Akaiombea mpaka ikapoa. Tukaanza kula nduma, na hapo ndipo mambo yalipoanza kunyooka, ndugu zangu. Mzee Wachira alivua kofia. Nikajifanya sijaona. Baadaye kidogo akalegeza skafu. Nikaacha kutafuna. Halafu, naapa, Mzee Wachira akasimama akavua koti! Mwezi wa saba! Watu wa Giakanja wamemjua mzee huyu miaka na miaka na hakuna ajuaye shati lake la gathano ni la rangi gani. Pasta alishika kikombe hewani, hakunywa.

Mzee akainama akachungulia chini ya kochi.

"Mmeficha jiko wapi?"

"Hakuna jiko, Mzee. Ni jua la asubuhi. Ukuta umelishika, sasa unaliachilia polepole."

Akachungulia chini ya kochi la pili. Hakuna jiko. Akaketi polepole, akaweka kiganja chake kwenye ukuta nyuma yake, akakiacha hapo.

"Kumbe udongo iko na maana," akasema Mama Nyambura.

Mnajua jinsi mtu huhisi akikaribia kupona? Ndivyo nilivyohisi. Niliwaona watoto wa Sunday school wakiota jua lao. Nilimwona shemeji akitafuta mtu mwingine wa misumari.

"Lakini mbele," akasema Mzee, "tutaweka pila. Kubwa. Nne. Kama ile hoteli ya Nanyuki."

Nikamweleza kwa upole kwamba jengo hili halihitaji nguzo hizo. Hazitashika chochote. Simenti yote tunayoiokoa kwenye kuta itaishia kwenye mapambo.

"Kijana, kanisa bila pila ni kama mahali ya kusaga unga."

"Mzee amesema ukweli," akasema Pasta.

"Na mapazia itaanzia juu ya hizo pila ama ndani?" akauliza Mama Nyambura.

Nilitabasamu. Shavu liliniuma kwa kutabasamu. Mzee akafuta mikono kwa kitambaa cha mama, akanitazama.

"Sasa tupatie nafasi kidogo. Komiti iongee. Leo hii maneno tunataka kuimaliza."

Nikatoka sebuleni. Niende wapi? Nje ni manyunyu na baridi ya kukata masikio. Jikoni kwa mama ni moshi mtupu. (Nilimchorea jiko zuri ndani ya nyumba. Ameweka viazi humo. Yeye hupikia kibanda chake cha mabati kule nyuma, ati chakula bila moshi hakijui kuiva.) Basi nikaingia bafuni, nikafunga mlango, nikakalia kifuniko cha choo.

Nikatega sikio. Kimya. Wako upande wa pili wa ukuta, wanaamua maisha yangu, na sisikii hata kikohozi. Nikaupapasa ukuta kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. Nikasema, tazama ukuta huu! Tazama kazi ya mikono yangu!

Halafu huzuni ikanishika. Sijui ilitoka wapi. Labda ni uchovu. Niliona ofisi yangu, ile michoro iliyokunjwa kwenye pembe, majengo mengi mazuri ambayo hakuna mtu atakayeingia ndani yake. Nikajisemea, Ndirangu, hapa umefika mwisho wa akili yako. Omba.

Nikaomba. Kwa sauti, kwa sababu kwetu ombi la kimoyomoyo halihesabiki sana.

"Bwana, niko mbele yako. Niko bafuni, lakini niko mbele yako."

Mwanzo mzuri. Ningeishia hapo.

"Bwana, mguse Mzee Wachira. Wewe unajua hizo nguzo anazotaka hazishiki kitu. Zitasimama tu pale mbele zionekane, kama yeye kwenye kamati."

Hapo nikasikia kwa mbali sauti ya mwanamke ikisema chini chini, "Mmh. Ndiyo, Bwana." Nikajua ni mama. Kibanda chake kiko nyuma tu ya bafu, na mama akisikia ombi hujiunga popote alipo. Roho yangu ikachangamka. Nikapandisha sauti.

"Bwana, mguse Mama Nyambura. Jengo halijapata msingi na yeye amefika kwa mapazia! Mwondolee hiyo roho ya mapazia, Bwana. Ifunge!"

Kimya kidogo. Mama hakuitikia. Nikafikiri labda anageuza sufuria.

"Mguse Pasta Muriithi. Ni mtu mzuri, Bwana, lakini hana uti wa mgongo. Upepo ukitoka Nyeri analala huku, ukitoka Nanyuki analala kule. Mpe uti wa mgongo, Bwana. Mpe leo. Mpe sasa hivi!"

Halafu nikaacha kupiga kelele. Maneno mengine yalitoka yenyewe.

"Na mimi, Bwana, nimechoka. Nimechoka kuchorea watu vyumba vya giza. Kila nikimaliza kimoja nasema hiki ndicho cha mwisho, halafu nachora kingine. Nataka jengo moja tu. Moja tu, lisilonitia aibu, niseme hili ni langu. Ukininyima hili naenda kupima misumari, na sitalalamika, lakini nitakuwa nimekufa kidogo, na wewe utajua. Katika jina la mwanao, tumeomba tukiamini."

"AMINA."

Ndugu zangu. Hiyo Amina haikutoka nje. Haikutoka kwa mama. Ilitoka juu, karibu na dari, kwenye matundu yangu. Tena haikuwa moja. Kulikuwa na Amina nzito ya mwalimu mkuu mstaafu. Kulikuwa na Amina nyembamba ya pasta. Na katikati yao kulikuwa na Amina ya Mama Nyambura, ile ya kutikisa mabati. Kwetu ombi haliachwi likining'inia, hata kama limekutukana. Lazima lifungwe.

Nikaganda. Kisha sauti ya Mzee Wachira ikashuka kutoka darini, tulivu, karibu kabisa, ni kama amekaa kwenye bega langu.

"Ukimaliza huko, kijana, ukuje."

Wazo langu la kwanza lilikuwa dirisha. Nikapanda juu ya choo. Dirisha la bafu la mama lapitisha paka, tena paka mwembamba. Nililipunguza mwenyewe ili joto lisipotee upande wa baridi. Nilikumbuka hata kalamu niliyotumia. Nikiwa bado pale juu, kichwa dirishani, nikaonana uso kwa uso na mama akipita nje na thamosi ya pili.

"Baba! Unafanya nini huko juu?"

"Mama, wamesikia," nikanong'ona. "Wamesikia kila kitu."

Mama akashusha pumzi. "Si nilikwambia hiyo redio uiache?"

"Kwani ulijua?"

"Nani hajui? Mtu akiingia hapo, kila kitu anafanya kinasikika kwa sebule. Wageni wa kwanza walikuja, shemasi akaingia kwa choo..." Akatikisa kichwa. "Nilinunua redio wiki hiyo hiyo."

"Mama, mbona hukuniambia?"

Akaniangalia kwa huruma ambayo sikuitaka. "Baba, ningekwambia aje? Ulikuwa umefurahia hii nyumba hivyo."

Akaenda zake na thamosi. Mimi nikashuka kwenye choo, nikanawa uso, nikatoka. Ilibidi. Hakuna mlango mwingine.

Sebuleni hakuna aliyeniangalia. Mama Nyambura alikuwa akikagua nduma kwa makini. Mzee Wachira alikuwa amerudisha koti. Vifungo vyote. Nikasimama mbele yao kama mwanafunzi aliyekamatwa akiruka ua.

"Mzee," nikaanza, "naomba msamaha, mimi..."

"Keti," akasema. "Mimi sijakasirika."

(Mwalimu mkuu akisema hajakasirika, tafuta mahali pa kujishikilia.)

"Nikwambie vile ilikuwa," akaendelea. "Ulipotoka, mimi nilisema tuanze na ombi ya kimya. Kila mtu kwa roho yake. Tukafunga macho. Tukamwambia Mungu, sisi hatujui kama ni udongo ama ni mawe. Ongea, watumishi wako wanasikia."

Akainua macho kwenye matundu. Pasta akakohoa.

"Na ikaongea," akasema Mama Nyambura. "Kutoka huko juu. Mimi nilisema huyu ni Roho wa Bwana kabisa. Mpaka pale aliingilia mapazia."

Nilitamani udongo ule ule wa ukutani unifunike. Lakini sikilizeni, bado haikuwa mwisho. Mzee aliinua mkono.

"Ile ya pila, nimesikia. Imeniuma. Lakini mimi ni mzee, nimeambiwa mabaya zaidi na watoto wa darasa la nne. Na hii joto imenishinda kubishana nayo. Mimi nilikuwa nasema tujenge ya udongo."

Moyo wangu uliruka.

"Na mimi pia," akasema Mama Nyambura. "Hata bila mapazia." (Akaniangalia.) "Kwanza."

Wawili! Kamati ni watatu! Nikamgeukia Pasta Muriithi, mtu anayekubaliana na aliyezungumza mwisho, na aliyezungumza mwisho alikuwa upande wangu. Nilianza kutabasamu.

Pasta akasimama. Sijawahi kumwona akisimama hivyo. Mgongo ulinyooka, kidevu kikapanda.

"Hapana," akasema.

Mzee Wachira akageuka na kiti chake. "Ati nini?"

"Mzee, na heshima yote, hapana. Ofisi itakuwa yangu. Watu watakuja kunieleza mambo ya ndoa zao. Mama anakuja kulia juu ya bwana yake, na hapo kwa hall kwaya iko practice. Si wote watasikia?"

"Kwaya yetu naijua," akasema Mama Nyambura taratibu. "Jumapili itakuwa wimbo."

"Pasta, hilo linatibika!" Nilikuwa nimesimama tayari. "Naweka kona kwenye njia ya hewa. Naiwekea ndani sufu ya kondoo, sauti inafia humo. Ni kazi ndogo. Nipe nafasi nikuonyeshe mchoro..."

"Hapana," akasema Pasta, mara ya pili. "Ulisema kuta ni nene, na tumesikia mpaka roho yako. Mimi siwezi kuweka siri za watu hapo. Nimesema hapana, na nimesimama hapo."

Mama alikuwa mlangoni na thamosi, akanitazama, akatazama sakafu. Mzee Wachira alimkodolea Pasta macho kwa muda mrefu, kisha akanigeukia, na nikaona usoni mwake kitu ambacho sikukitarajia. Kilikuwa heshima.

"Kijana," akasema, "huyu pasta tumekuwa naye na hajawahi kukataa kitu. Hata chai ya pili. Wewe umeomba apewe uti wa mgongo sasa hivi, na amepewa sasa hivi."

Mama Nyambura akapiga makofi mara moja. "Bwana asifiwe!"

Basi ndivyo nilivyopoteza. Na wale wawili wakamwogopa pasta wao mpya, wakarudi nyuma. Itakuwa mawe ya kuchonga. Itakuwa na nguzo mbele. Plani itachorwa na mpwa wa mtu fulani, ana programu kwenye simu. Mzee alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema nyumba ya mama ni nzuri na asante kwa nduma. Halafu, akiwa mlangoni, akageuka.

"Kitu moja. Siku ya kuweka jiwe ya msingi, wewe ndio utaomba."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Maombi yako inajibiwa papo hapo."

"Na usiogope kutaja watu," akaongeza Mama Nyambura.

"Sisi tumekubaliana," akasema Pasta, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekubaliana kwa hiari yake.

Nikasema sawa. Ningesema nini? Nitasimama Giakanja mbele ya watu wote, nimefumba macho, nikiomba Mungu abariki jengo ambalo si langu, lenye madirisha yanayotazama upande mbaya, na watoto watatetemeka humo asubuhi zote za gathano. Na nitaliombea kwa moyo wote, hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu nimejijua. Nikianza kuomba siwezi kujizuia.

Gari lao liliondoka. Mama aliwasha redio tena bila kusema neno. Mimi nikaingia kwenye gari nikaendesha mpaka hapa, nikashindwa kuendelea. Kabla ya kuanza kuwaandikia nilimpigia shemeji. Hakuuliza chochote. Alisema tu, "Karibu. Jumatatu uje na viatu vya kufunika, misumari huanguka."

Nimeumia, sitawadanganya. Naomba basi asicheke mtu. Anayeshindwa kabisa kujizuia, aje kwanza na kiwanja, nimjengee ya udongo.